Jina la Kaku Suzanne

"Si mimi. Tshiala ndiye aliyeshika kompyuta," Ndaya alirudia kwa mara ya tatu. Binamu yake Tshiala alijibu kwamba tangu asubuhi alikuwa kisimani, na kompyuta hata kuiwasha hajui.

Mama Léonie aliweka sufuria chini. Biuma, mpwa wa bibi yao Kaku Suzanne, alikuwa amepiga simu kutoka Mbuji-Mayi akilia. Kwenye ukurasa wa ukoo alioutengeneza Ndaya hapa Kamina, jina la Kaku lilikuwa jeusi, na msalaba mbele yake. Katika ukoo wao jina la aliye hai huwa la kijani, haliandikwi hivyo mpaka mwenyewe azikwe. Huko Mbuji-Mayi walikuwa tayari wametandika mikeka ya matanga.

Kaku alikuwa mlangoni, akimenya karanga.

"Minyi niko muzima," alisema. "Kama mumenizika, njo nani anamenya hizi karanga?"

Ndaya alicheka, kisha machozi yakamtoka.

"Ni mimi, Mama. Wazee wako tisa kwenye orodha, na wanane wamekufa. Nilipaswa kuwapa wale wanane klasi yao, yaani alama ya kundi lao, jina moja moja, halafu niielekeze rangi nyeusi kwenye klasi hiyo tu. Nikaona uvivu. Nikaielekeza kwenye orodha nzima. Niliona Kaku ameingia humo, nikasema nitarekebisha kesho."

"Na Tshiala?"

"Nilimsingizia, Mama."

"Rangi utaibadilisha kwa dakika kumi," Mama alisema. "Uongo uliomtupia mwenzako hakuna kompyuta itakayoufuta. Utautoa kwa mdomo wako. Na kazi ya majina manane ifanye kwa majina manane, maana kila jina hapo lina mtu wake. Anza sasa."

Ndaya alimgeukia Tshiala, akamwomba msamaha mbele ya wote. Tshiala alinuna kidogo, kisha akavuta kiti, akaanza kumsomea majina ya marehemu. Ndaya aliandika klasi "marehemu" kwa kila mmoja, akaelekeza kanuni ya rangi nyeusi na msalaba kwenye klasi hiyo peke yake. Jina la tisa likarudi kuwa la kijani.

Kaku alikuja kulitazama kwa muda mrefu, mkono wake begani mwa Ndaya. Mama alikuwa ameshapiga namba ya Mbuji-Mayi. Alimpa Kaku simu.

"Biuma, mwana wangu," Kaku alisema, "kunja mikeka."