Pombe Juu ya Shati

Fundi wa kutia grisi alikutwa kifudifudi kando ya gurudumu la greda ya kuchonga barabara, kichwa kimepasuka juu ya kokoto. Shati lake lilinuka pombe hata askari wakaziba pua.

"Kalewa, kateleza kwenye ngazi," alisema dereva wa greda. "Mimi nilikuwa vichakani, najisaidia."

Inspekta aliamini. Jioni ile alimwambia mjane, mbele ya wakwe zake wote: "Mumeo alikuwa amelewa, mama."

"Mume wangu? Pombe hajawahi hata kuionja, afande!"

Inspekta alitikisa kichwa tu. Wake wangapi walishamwambia hivyo?

Taarifa ya uchunguzi wa maiti ilipofika, marehemu alikwisha kuzikwa. Damu yake haikuwa na pombe hata tone. Tumboni mlikuwa na chai na mkate. Inspekta aliisoma mara mbili, uso ukimwaka.

Akamwita dereva kituoni.

"Wewe na marehemu mliishi vipi?"

"Chanda na pete, afande. Tulimwita Taratibu. Ngazi alikuwa anaishuka kama kinyonga."

"Mtu wa hivyo anaangukaje?"

"Pombe, afande."

"Pombe ilikuwa shatini, mwilini haikuwemo. Nani alimmwagia?"

Dereva aliinamisha kichwa.

"Greda ilikuwa imewashwa?"

"Ndiyo."

"Na kwenye usukani?"

"Mimi. Ulikuwa utani wetu. Kila akishuka, naishtua greda mbele kidogo, anapiga kelele, wenzetu wanacheka. Hata yeye alikuwa anacheka. Siku ile tulikuwa wawili tu, mguu ukamponyoka."

"Na pombe?"

"Yangu. Naificha chini ya kiti. Niliona aibu, afande. Ningewaambiaje watu kwamba nimemuua rafiki yangu kwa mzaha? Nikasema heri aibu aibebe yeye. Maiti haoni haya."

Inspekta aliamuru afungiwe mahabusu, kisha akaenda msibani. Mikeka mingi ilikuwa mitupu. Nani aje kumlilia mlevi? Alichuchumaa kando ya mjane.

"Mumeo hakulewa," alisema polepole. "Nilikosea, mama. Nisamehe."

Mjane alimtazama kwa macho makavu.

"Mbona unaninong'oneza, afande? Siku ile ulisema kwa sauti."

Inspekta akainuka. Akavua kofia, akatoka hadi uani walikoketi wakwe, akasimama katikati yao. Akakohoa, akaanza kusema, kwa sauti.