Majibu ya Kuazima

Haya alinisimulia mpwa wangu, fundi cherehani, juzi tulipokuwa tukianua nguo. Nayaandika kama alivyoyasema.

Fundi ana binti mmoja, anayesomea uuguzi chuo kikuu. Binti alijisomea kwa simu katika chumba cha kushonea cha mama yake, katikati ya vitambaa. Somo linafunguka mtandaoni. Unasoma kidogo, unaulizwa, unajibu, na papo hapo unaambiwa umepata au umekosa. Ukipata, inatokea alama ya kijani. Ukikosa, nyekundu.

Simu ya binti ilikuwa kijani tupu. Fundi akawatambia wateja: "Wangu hakosi! Sijui karithi kwa nani, maana baba yake hata njia ya nyumbani huikosa."

Kisha ukaja mtihani wa kupima dozi za dawa. Binti akaanguka. Akapewa nafasi moja tu ya kurudia. Akishindwa tena, chuo basi.

Hakula, hakuoga. Akalala mle mle chumbani, ameugeukia ukuta. Fundi alishona huku machozi yakilowesha nguo za watu.

"Mwanangu, sema basi."

"Niseme nini, mama? Mimi si kitu."

Mchana mmoja akaja mteja kupunguziwa sketi. Alikuwa mwalimu wa chuo hicho hicho, ndiye aliyetunga yale masomo ya mtandaoni. Fundi hata salamu hakuimaliza.

"Mwalimu, simu yenu ilisema mtoto anajua. Imekuwaje?"

Mwalimu akamwinamia binti. "Yale maswali uliyajibu mwenyewe?"

Sauti ikatoka kule ukutani: "Tulikuwa tunatumiana majibu kwenye kundi letu la simu. Niliogopa nyekundu. Nilidhani mtaniona mjinga."

Mwalimu akakaa sakafuni, sketi mkononi. "Nyekundu haikupunguzii maksi, mwanangu. Ukikosa, somo linakueleza ulipokosea, nawe unarudia. Na sisi walimu tunaangalia wengi wamekosa wapi, ndipo tunapafundisha darasani. Kwenye dozi niliona kijani darasa zima. Nikaliruka somo hilo."

"Ukaruka?" fundi akauliza.

"Nikaruka, dada. Nilidhani wanajua."

Fundi akaweka mkasi chini. "Ni kama mwanafunzi wangu aniletee kola aliyoshonewa na mwenzake. Nitamfundisha kola ya nini tena?" Akamtazama binti. "Mama wee, wewe mwenyewe umejifungia mlango."

Binti akaanza upya, peke yake. Nyekundu. Nyekundu tena. Siku nyingine aliitupa simu kwenye vitambaa, akalia kwa kwikwi.

"Nimechelewa, mama. Sitaweza."

Fundi akaiokota simu, akampa. Binti akasoma maelezo ya pale alipokosea, akajaribu tena. Mwalimu alipoziona nyekundu zile, akawaita wote wanaorudia mtihani, akafundisha dozi tangu mwanzo. Sasa binti akawa anajua aulize nini.

Kwenye mtihani wa marudio, si wote waliopona. Wenzake wawili wa lile kundi walifungasha mizigo, wakaondoka bila kuaga. Yeye alipita chupuchupu.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Binti alisoma matokeo, akampa mama yake simu, akajilaza juu ya marobota ya vitambaa. Usingizi ukamchukua jua likiwaka. Fundi akayasoma tena na tena, kana kwamba yangebadilika. Halafu akafunika cherehani, akaweka kichwa mezani, naye akalala.