Altezza Inayochemka Kabla ya Koga

Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya soko palikuwa hapapitiki. Bajaji zilikuwa zinasukumana, akina mama wa mchicha wamepanga mafungu mpaka barabarani, na katikati ya watu hao ikaingia Altezza nyeusi kutoka upande wa Tabora, boneti inafuka mvuke. Kijana aliyekuwa anaiendesha akashuka. Shati jeupe la kunyooshwa, raba nyeupe, uso wa mtu anayetoka msibani. Akainua boneti, akapeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta.

Mkono mwingine ukamdaka.

"Ukifungua hicho sasa hivi, mama yako hatakujua sura."

"Basi niitie fundi, dada."

"Fundi anamalizia kitumbua."

Akakimaliza kweli, bila haraka, akajifuta vidole kwenye ovaroli yake ya bluu, akakaza kilemba chake cha njano, ndipo akainama. Jina lake Libérate, wa Katumba, miaka ishirini na mbili, shule aliishia darasa la saba. Pale gereji ya mzee Masunga, Ilembo, walimjua kwa jambo moja: maneno machache, macho mengi. Angeweza kukaa nusu saa mbele ya injini inayounguruma, mikono mapajani, kama anayesikiliza mtu akieleza shida zake.

Siku ile hakushika spana. Alishika rejeta. Juu moto, chini baridi kama mtungi, na injini yenyewe imechemka. Hakulipenda jambo hilo.

Kijana aliitwa Ponsian. Alikuwa na duka la vipuri vya simu karibu na stesheni, na kila baada ya wiki mbili alifuata mzigo Tabora. Mjini gari halikuwa na neno. Lilichemka barabara kuu tu, na wakati wa kwenda lilichemkia mahali pamoja tu. Libérate akabadilisha feni, akaosha rejeta, akafunga mfuniko mpya. Gari likaenda, likachemka. Kila likichemka Ponsian alipiga simu mtandao ukirudi, na simu zile zikaanza kuwa ndefu kuliko shida ya gari.

"Umefika, mukunzi?" Libérate aliuliza siku moja, akajiuma ulimi, maana neno hilo la kwao, la kumwita mpenzi, lilimtoka.

"Mukunzi ndiyo nini?"

"Jina la spea."

"Naifunga wapi?"

"Utajua mwenyewe."

Jumapili moja walikaa kwenye kibanda cha chipsi. Libérate alivaa gauni la kitenge cha kijani lenye mabega ya kupanda, na kwa mara ya kwanza Ponsian aliona nywele zake. Lakini Ponsian hakula. Alimweleza kwamba gari lilikuwa la kaka yake, Damiano. Miaka mitano iliyopita lilimchemkia kwenye barabara hiyohiyo, kabla ya Mto Koga. Akachukua dumu, akaingia porini kutafuta maji. Walimkuta siku ya tatu amekufa, ameketi chini ya mti, miguu ameinyoosha, hana hata mkwaruzo, na kando yake dumu limejaa maji mpaka mdomoni. Ilikuwa Septemba. Vijito vyote vya karibu vilikuwa vumbi.

Gari lilikaa miaka minne chini ya turubai. Mwaka jana Ponsian akalipaka rangi nyeusi akalitoa, mama yake, Specioza, akilia mlangoni.

"Linachemka palepale, Libe. Kuna kichuguu kimeinamia barabara. Nikizima injini hakuna ndege, hakuna nyenje, hakuna kitu. Na mkono wangu unachukua dumu wenyewe. Mara ya mwisho nilishtuka nimeshaingia porini hatua kama mia."

Libérate hakucheka. Aliuliza anaanza kukimbiza wapi. Kwenye tuta la mwisho la kijiji cha mwisho, akajibiwa, mia na ishirini moja kwa moja, kama dakika ishirini na tano hivi. Akahesabu kwa vidole. Mwendo uleule, muda uleule, basi na mahali palepale. Kichuguu hakikuwa na kazi hapo. Hata hivyo vinyweleo vya mikono yake vilikuwa vimesimama, na jua lilikuwa la saa nane.

Jumatatu alifungua mahali ambapo hakuwa amefungua: mfuniko wa thamostati. Ndani hamkuwa na kitu.

Mafundi wengi wa huku wanaking'oa kidude hicho. Nchi yenyewe joto, wanasema, cha nini kuzuia maji? Hawajui kwamba kwenye injini ile maji yana njia mbili, moja ya kupita kwenye rejeta na nyingine ya mkato inayorudi injini, na kidude kikipata moto ndicho kinachoziba ile ya mkato. Kisipokuwepo, maji ya moto yanajizungukia yenyewe. Mjini huwezi kuona. Ukikimbiza, ndipo linachemka, na rejeta chini ni baridi.

Lakini kilichomsimamisha Libérate ni gasketi. Ilikuwa imegandishwa kwa silikoni nyekundu, imekatwa kwenye jalada la daftari, upande wa jedwali la kuzidisha. Alisoma saba mara nane, hamsini na sita. Mwaka wake wa kwanza gereji alikuwa akikata gasketi kutoka madaftari yake ya darasa la saba, na wenzake walimcheka kwa hilo. Akakumbuka gari jeupe. Akakumbuka mteja mwenye haraka, amesimama juani, anaangalia saa. Toa hicho kidude, binti, mzee Masunga alisema, naye akatoa.

Akafunga thamostati mpya, akajaza maji, akamwachia Masunga funguo. Simu za Ponsian hakuzipokea tena.

Kwa siku nne Ponsian hakulala vizuri. Aliona ameharibu mwenyewe kwa habari za maiti, na mwanamke gani anataka kuolewa kwenye nyumba yenye marehemu asiyetulia? Halafu wivu ukamwingia, akaandika ujumbe kwamba kama kuna mwanaume mwingine aambiwe tu ajue. Ijumaa akaja mwenyewe. Alimkuta Libérate ameinamia beseni la petroli anaosha nati. Hakuinuka. Alitoa ile gasketi mfukoni, akampa.

"Hii niliikata mimi. Kile kidude nilikitoa mimi, gari ikiwa nyeupe. Kaka yako alishuka pale kwa sababu yangu."

Ponsian aliigeuza gasketi huku na huku kama barua. Akauliza amejua tangu lini.

"Jumatatu."

"Na ukaniacha siku nne nadhani nimekukosea mimi."

Akachukua funguo kwa Masunga, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake saa nne simu ya Libérate ikaita kwa namba ngeni. Alikuwa Specioza. Alisema mwanawe ameondoka alfajiri, mzigo wa Tabora si wa wiki hii, na hapatikani. Alisema hayo polepole, kisha akauliza kama wao mafundi wanajua nyumba moja inaweza kuitwa porini mara mbili.

Libérate akadandia lori la mahindi linaloenda Tabora, akamwomba dereva amshushe kwenye kichuguu kilichoinama. Dereva akamtazama, akauliza kama pale kuna mtu anamsubiri. Akasema yupo.

Ilikuwa saa saba kasoro. Altezza ilikuwa pembeni, mlango wazi, injini inaunguruma. Mshale wa joto ulikuwa katikati kabisa. Gari halikuwa limechemka. Dumu halikuwepo.

Lori lilipopotea, sauti zote zikapotea nalo. Hewa ikanuka maji ya rejeta yaliyochemka, ule utamu wake unaoshika koo, na boneti ilikuwa imefungwa, wala chini hapakuwa na tone. Libérate hakuingia porini. Aliketi kwenye lami, mikono mapajani, akaangalia miti.

Akaita mara moja. "Ponsian."

Mbali, kati ya miti, shati jeupe lilikuwa linatembea. Halafu yakawa mawili, moja mbele ya lingine, hatua sawasawa. Hakupepesa macho. La nyuma likasimama, likageuka. La mbele likaendelea, likaenda, likaenda, mpaka likawa mwanga tu kwenye majani makavu.

Ponsian akatokea barabarani na dumu mkononi. Lilikuwa limejaa. Raba zake hazikuwa na tope.

"Maji umeyatoa wapi?"

"Sijui."

"Yamwage."

Akabaki amelikumbatia.

"Mukunzi, yamwage."

Akayamwaga. Ardhi iliyanywa bila sauti, kisha yeye akaanza kulia, na wakati analia nyenje wa kwanza akalia, akafuata wa pili, mpaka pori zima likapiga kelele.

"Haikuchemka," alisema baadaye. "Nilisimama kwa hiari yangu. Nilitaka kumwuliza kama nikusamehe."

"Akasemaje?"

"Alitembea tu mbele yangu. Aliyeniita ni wewe." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Lakini wa kukusamehe si mimi, ni mama. Ukamwambie mwenyewe. Ukimaliza, nami nina langu la kumwambia."

"Lipi?"

"Kwamba nimejua ile spea inafungwa wapi."

Walifika nyumbani kwa kina Ponsian, Ilembo, saa kumi. Specioza alikuwa ameketi getini, kanga mbili nyeusi, mikono imekunjwa. Libérate alipiga magoti kwenye mchanga na ovaroli yake yenye grisi, akatoa shikamoo, akasimulia yote: gari jeupe, kidude, daftari. Hakujitetea wala hakumtaja Masunga. Alipomaliza akabaki ameinamisha kichwa, anasubiri kufukuzwa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba, mama."

Specioza alikunjua mikono.

"Tangu tumzike, kila siku saa saba mchana gari linapiga honi hapa getini. Nikitoka, hakuna mtu. Miaka mitano, mwanangu. Leo nimekaa hapa tangu saa sita nalisubiri, halijapiga." Akatazama barabara tupu, kisha akamgeukia Ponsian, ambaye alikuwa hajafungua mdomo bado. "Usisimame tu hapo. Mletee mkeo kiti."