Vidonge vya Siku ya Kipimo

Fundi cherehani alikuwa amepandikizwa figo miezi saba iliyopita. Figo hiyo alipewa na dada yake mkubwa. Kila siku alimeza vidonge vyake vya kuzuia mwili usiikatae figo, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kukosa.

"Nimekupa kitu changu, nitakifuatilia mpaka nizeeke," dada alimtania.

Siku ya kliniki, dada alimsindikiza hospitali ya chuo kikuu. Saa mbili ilifika, na foleni ya kutoa damu bado ilikuwa ndefu. Fundi alishaambiwa asimeze vidonge kabla ya kutoa damu. Lakini roho haikutulia. Je, akichelewa, figo ya dada itaharibika? Dada alipokwenda msalani, fundi akavimeza chapuchapu. Kisha akatolewa damu.

Mchana daktari alisoma majibu, akakunja uso.

"Dawa imezidi sana kwenye damu. Itabidi tupunguze dozi."

Muuguzi akamgeukia fundi. "Kaka, leo umemeza saa ngapi?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Sikuulizi ili nikugombeze," muuguzi akasema. "Ukimeza kabla ya kutoa damu, kipimo kinapanda. Tukipunguza dozi kwa kipimo hicho, mwili utaishambulia figo."

"We, sema," dada akamhimiza.

"Nilimeza saa mbili," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kuiharibu."

Daktari akafuta alichoandika. "Afadhali umesema. Dozi ibaki ile ile. Keshokutwa tupime upya."

"Siku hiyo njoo na vidonge mfukoni," muuguzi akaeleza. "Toa damu kwanza, umeze palepale. Kuchelewa huko kidogo hakuna neno. Na ukiwa na wasiwasi, uliza."

Siku mbili baadaye fundi alitoa damu kwanza, ndipo akameza. Mchana majibu yakaja: dawa iko sawasawa, figo inafanya kazi vizuri. Fundi alishusha pumzi, machozi yakamtoka. Dada naye akacheka huku akijifuta macho.

Mlangoni mtafiti wa chuo akawasimamisha. Alikuwa anachunguza kwa nini wagonjwa wa figo hukosea dawa.

"Si lazima ujibu maswali yangu," akasema. "Ukikataa, utatibiwa vilevile."

Fundi akavuta kiti.

"Andika," akasema. "Nilimpenda mno dada yangu, nikaogopa kuiharibu figo yake, nikameza bila kuuliza."