Kasha la Kubania Tumbaku

Msimu wa kufunga tumbaku, Bibi Dafrosa wa Inyonga alipanga majani ndani ya kasha la mbao, akaweka ubao juu yake. Mjukuu wake Gaudensia alizungusha jeki kuukuu ya lori, na ubao ukashuka taratibu hadi robota la majani likakazika.

"Kitendawili!" alisema bibi jioni moja.

"Tega!"

"Nikimbana kidogo analia, nikimbana sana ananyamaza."

"Chura? Basi nimeshindwa, nakupa mji. Chukua Sitalike."

"Nikang'atwe na viboko wa mtoni? Sitaki. Fikiri kwanza," bibi alicheka, akaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Mara wakaja wenzake Gaudensia wa darasani: Arcade na wafuasi wake, pamoja na Spès, msichana mgeni aliyekuwa hana rafiki bado.

"Ukitaka kucheza na sisi, ingia kwenye kasha," Arcade alimwambia Spès. "Ukiumia piga kelele, tutafungua."

Spès alilitazama kasha, kisha akajilaza ndani.

"Mimi sizungushi," alisema Gaudensia.

"Basi utaingia wewe, mwoga!" Arcade alifoka.

Gaudensia akazungusha. Ubao ukagusa kifua cha Spès.

"Aa! Inauma!"

"Kelele za kuku hizo! Ongeza!"

Akaongeza. Kelele zikakoma.

"Si mnaona? Ameshazoea," alisema Arcade, na wote wakacheka. "Ongeza tena!"

Gaudensia aliongeza. Ndipo alipoona vidole vya Spès kwenye mwanya wa mbao. Vilikuwa vinatetemeka, kisha vikatulia.

Alilegeza jeki huku akilia. Walimtoa Spès midomo ikiwa ya kijivu na macho mekundu. Alihema kwa shida.

"Tuseme ameanguka mtini," Arcade alinong'ona. "Ukitutaja, shule nzima itakuita muuaji."

Walipomfikisha zahanati, muuguzi aliuliza imekuwaje. Arcade akatoa uongo wake.

"Ameanguka mtini, na hana hata mchubuko?" muuguzi alishangaa. "Semeni ukweli, huyu anaishiwa pumzi!"

Gaudensia alimtazama Arcade, akamtazama Spès.

"Nimembana mimi. Kifuani, kwa jeki."

Muuguzi hakupoteza muda. Alimwekea Spès hewa ya mtungi, akaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali Mpanda. Mbavu zilikuwa zimevunjika. Spès alipona, akarudi shule, lakini aliomba dawati jingine, mbali na Gaudensia.

Gaudensia alimlilia bibi yake. "Aliambiwa apige kelele akiumia, bibi. Alipiga mara moja tu, kisha akanyamaza!"

"Angepiga tena kwa pumzi ipi, mjukuu wangu, nawe umeikalia?" Bibi alimfuta machozi, lakini hakumpunguzia maneno. "Mwalimu anawafundisha ubaoni kani na mgandamizo, yaani nguvu inayobana; mimi nimefunzwa na mwili. Nina presha. Ilinibana mishipa muda mrefu, wala sikusikia maumivu, hadi nikadondoka shambani. Na wewe, Arcade alikubana kwa maneno tu, ukanyamaza, mkono ukazungusha. Ila mkono ulikuwa wako."

"Na kitendawili, bibi?" Gaudensia aliuliza kwa sauti ndogo. "Jibu ni mtu?"

"Ni mtu. Umepata, sikudai mji." Bibi alilifunika kasha kwa gunia. "Akilia, acha. Akinyamaza, fungua upesi zaidi. Na ukiulizwa, sema ukweli kabla pumzi ya mwenzako haijaisha."