Gogo Lililofuliwa

Mama Dobi hakuwa mtu wa kukaa. Kazini kwake, katika chumba cha kufulia cha hospitali, alisimama kutwa. Akirudi nyumbani alifagia, akapiga deki, akafuta vumbi, kisha akatafuta vumbi jingine. Mumewe, fundi baiskeli, akisikia ufagio tu aliinua miguu yote miwili bila kuambiwa.

Mwaka huu mambo yalizidi. Binti yao wa pekee alikwenda shule ya bweni, na nyumba ikapooza. Mama Dobi alipanga kabati la mtoto, akalipangua, akalipanga upya. Hamu ya mwanawe ilimkaa rohoni, na mikono ikakosa pa kutulia.

Binti aliacha sebuleni tangi la kioo lenye samaki watano. Aliwapa vyeo vya ofisini: Meneja, Mhasibu, Mlinzi, Tarishi na Karani. Meneja, mkubwa wao, alimkimbiza Karani mdogo asubuhi na jioni. Karani hakuwa na pa kujificha, maana ndani ya tangi mlikuwa na mchanga na maji tu.

Kila Jumapili binti alipiga simu.

"Mama, Karani hajambo?"

"Hajambo. Bado anafukuzwa."

"Tukifunga shule nitamtafutia mahali pa kujificha. Naomba tu niwakute wote watano."

"Utawakuta, mwanangu."

Shule ingefungwa baada ya wiki tano. Nani wa kusubiri wiki tano? Si Mama Dobi. Jumatatu, akitoka kazini, alipita ukingoni mwa mto. Maji yalikuwa yameshuka na kuacha miti mikavu juu ya mchanga. Akaokota gogo lenye tundu zuri katikati, akalipeleka nyumbani, akalifua.

Ndiyo, alilifua. Alilisugua kwa sabuni ya unga, kisha akaliloweka katika dawa ya madoa, ile inayochoma pua. Ndivyo alivyofua mashuka ya wodini miaka kumi na tisa. Kwake yeye, kitu kisichonukia dawa hakijawa safi. Akalisuuza mara tatu, akalitumbukiza kwenye tangi. Gogo likaelea. Akaligandamiza kwa jiwe, akaenda kuosha vyombo.

Aliporudi, samaki wote walikuwa juu wakihema, midomo wazi. Meneja mwenyewe alikuwa amelala ubavu.

Mama Dobi alipanda ngazi mbio, mikono bado ina povu. Jirani wa ghorofa ya juu alifanya kazi kwenye mitambo ya maji ya mji, na wote walimwita Mpima Maji.

"Shoga, njoo. Samaki wa mwanangu wanakufa."

Mpima Maji aliinama juu ya tangi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Umetia nini humu?"

"Gogo safi. Nimelifua mwenyewe."

"Kwa dawa?"

"Sasa ningelifua kwa nini?"

Mpima Maji hakucheka. "Toa gogo. Una maji yaliyolala?"

"Katika nyumba hii hakuna kinacholala," alisema mumewe kutoka mlangoni.

"Nauliza maji yaliyokaa wazi, si ya bombani sasa hivi. Maji ya bomba tunayatia dawa ya kuua vijidudu. Dawa yetu ya hapa hupotea maji yakilala wazi siku nzima. Miji mingine hutia dawa isiyotoka kwa kulala, kwa hiyo lazima mtu aulize kwanza."

Kulikuwa na ndoo mbili wazi zilizojazwa juzi, kabla maji hayajakatika. Wakawahamisha samaki haraka kwa bakuli, na pampu ya hewa ya tangi ikawekwa humo. Baada ya saa moja Meneja alisimama wima. Karani naye alianza kuzunguka. Mlinzi hakuamka.

Mama Dobi alimtoa kwa kijiko. Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko uchovu wa siku nzima.

"Nimelisuuza mara tatu," alisema kwa sauti ndogo.

"Gogo si shuka, dada yangu. Shuka ukilisuuza linaachia dawa. Gogo linakunywa dawa, kisha linaitema polepole. Hili tupa. Jumamosi twende tukatafute jingine."

Tangi na mchanga wakavisuuza kwa maji matupu mpaka harufu ikaisha. Samaki walirudi siku ya tatu, ndani ya maji yaliyolala.

Jumapili simu ililia. "Wote hawajambo, mama?"

"Wanakula vizuri," alijibu Mama Dobi, akakimbilia kufagia.

Jumamosi, siku moja kabla ya simu ile, walikuwa wamekwenda mtoni, sehemu ya juu, mbali na mtaro wa gereji. Mpima Maji alimuuliza kwanza askari anayelinda ukingo wa mto kama inaruhusiwa kuokota. Waliruhusiwa.

"Usikate mti mbichi. Una utomvu na utaoza majini," alisema. "Usichukue ubao wenye rangi, misumari au harufu ya mafuta. Tafuta mti mgumu uliokufa siku nyingi, usio na ganda. Bonyeza kwa ukucha. Ukucha ukizama, acha."

Mama Dobi alibonyeza magogo tisa. La kumi lilikuwa gumu, na chini lilikuwa na pango dogo.

Nyumbani alilisugua kwa brashi na maji matupu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kopo la sabuni. Mpima Maji alilisogeza kopo mbali. Kisha wakalichemsha saa mbili katika sufuria kubwa kuliko zote. Mende wawili wadogo walitoka, na maji yakawa rangi ya chai.

"Ona uchafu huo," alisema Mama Dobi.

"Si uchafu, ni rangi ya mti. Haiwadhuru samaki hawa, ila itatia giza kwenye tangi. Sasa liloweke. Kila siku mwaga maji, tia mengine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lizame lenyewe na maji yabaki meupe. Wiki tatu, labda zaidi."

Mama Dobi nusura alie. Wiki ya kwanza alikwenda kwenye ndoo mara ishirini kwa siku. Wiki ya pili alimwita jirani kwenye ngazi.

"Shoga, nikilifunga jiwe?"

"Linaelea?"

"Linaelea kidogo."

"Basi bado."

Wiki ya nne ya kuloweka, shule ilifungwa. Binti aliingia na begi lake begani, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akahesabu kwa kidole.

"Mama, mbona wanne?"

Mama Dobi alishika ufagio, akauweka chini. Akasema yote: gogo la kwanza, sabuni, dawa, Mlinzi, na simu aliyojibu uongo. Hakubakiza kitu. Machozi yakamlengalenga binti.

"Ungeniambia," alisema.

"Niliogopa. Nisamehe, mwanangu."

Binti alifuta macho. Akaiona ndoo pembeni. Gogo lilikuwa limelala chini kabisa, na maji juu yake yalikuwa meupe.

"Hili lilizama lini?"

"Jumanne."

"Leo Ijumaa. Mbona hukulitia?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Binti aliweka begi chini. Kisha wakalinyanyua gogo pamoja, wakalishusha polepole. Lilikaa bila jiwe. Karani alilizunguka, akachungulia, akaingia ndani ya pango. Meneja alipita mbele, akapita nyuma, asimwone.

Mama Dobi alivuta kiti, akakaa karibu na mwanawe.

Fundi baiskeli alirudi jioni, akaketi na kuinua miguu yote miwili kwa mazoea. Alingoja hivyo muda mrefu. Hakuna aliyekuja kufagia.