Birika la Jioni

Katika nyumba ile kahawa haikumwagwa. Mama Kahawa aliiuza kutwa kwenye kibaraza, kati ya fundi cherehani na muuzaji wa rangi. Jua likizama alirudi na birika lake, na ndani yake mabaki ya siku. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliyachemsha tena jikoni mpaka yakawa meusi kama lami. Kisha akayanywa yote baada ya chakula. Aliona fahari kidogo katika jambo hilo. Mkewe hakuamka alfajiri kukaanga na kutwanga buni ili jasho lake liishie mferejini.

Tatizo lilikuwa usingizi. Fundi alilala chali akihesabu mabati ya paa. Asubuhi alikwenda karakana na macho mekundu. Mkewe alidhani ni moto wa kuchomelea. Mwenyewe alisema ni mawazo. Siku moja alisinzia amesimama, akashika chuma ambacho hakijapoa. Kiganja kikababuka. Mwenye karakana hakugomba. Alisema tu kwamba mtu anayelala karibu na mitungi ya gesi hamfai, na kwamba akisinzia tena, asirudi.

Dada mkubwa wa Fundi aliishi nao. Yeye hakungoja mdogo wake asinzie tena. Kesho yake asubuhi alilinyanyua birika likiwa limejaa, akalimwaga mferejini mbele ya wateja waliokwisha kukaa.

"Wifi, umefanya nini?" akauliza Mama Kahawa.

"Nimemwaga sumu. Wageni wametuletea, na sisi tunanywa tu. Leo jioni tunakaa kikao. Biashara hii ifungwe."

Wateja waliondoka na midomo mikavu. Mama Kahawa aliosha vikombe ambavyo havikutumika. Kibaraza kile alikianzisha mwenyewe, na mumewe akipoteza kazi, hicho ndicho kingewalisha. Lakini kama kweli kahawa ndiyo iliyomuunguza mkono, atakitetea kwa maneno gani?

Jioni alifika jirani yao, mfamasia, kubadilisha bendeji. Mtaa ulimwita Redio, kwa kuwa akishawashwa hazimiki. Dada alimtaka athibitishe kwamba kahawa ni sumu ya wageni. Redio akavuta kigoda.

Alisema kwamba mbuni, mti wa kahawa, uliota wenyewe katika misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, wala haukuletwa na mtu. Watu husimulia habari za mchungaji aliyeona mbuzi wake wakirukaruka baada ya kula matunda yake. Hiyo ni ngano tu, iliandikwa baada ya karne nyingi. Habari zenye uhakika zaidi zinatoka Yemen, katika karne ya kumi na tano. Huko masufi, Waislamu wacha Mungu, waliipika kahawa na kuinywa. Kisha bandari ya Mokha ikaisafirisha. Mikahawa ikafunguliwa Kairo na Istanbul, na baadaye Ulaya nayo ikaonja.

"Kumbe hao wageni ndio walioletewa," akasema Fundi. Lilikuwa jambo la kwanza kumfurahisha siku hiyo.

Mama Kahawa aliuliza kama kuna mwingine aliyewahi kuwamwagia watu kahawa yao. Redio akasema yupo. Mwaka 1511 mkubwa wa mji wa Maka aliipiga marufuku. Amri hiyo haikudumu, kwa sababu sultani aliyekuwa Kairo aliitengua.

"Unaona, wifi? Umetanguliwa."



Redio akamgeukia Fundi. "Wale masufi waliinywa wakati gani?"

"Sijui. Usiku?"

"Usiku. Walikuwa wanakesha kwa dhikri, wakimtaja Mungu, hawakutaka usingizi uwashike. Na wewe, jirani, unakesha kwa dhikri gani?"

Hata Dada alicheka, ingawa alijifanya anakohoa.

Redio alieleza kwamba ndani ya kahawa mna kafeini, nayo ndiyo inayofukuza usingizi. Kuichemsha tena hakuiondoi. Kikombe cha jioni huendelea kufanya kazi mwilini mpaka usiku mwingi. Kahawa haina kosa, saa yake ndiyo mbaya. Fundi anywe asubuhi, na mchana ukifika aache. Akikosa usingizi hata baada ya hapo, aende kwa daktari.

Kikao kikaisha bila kufunga kitu. Mama Kahawa alianza kupika birika dogo mwisho wa siku, ili mabaki yawe machache. Yaliyobaki yalimwagwa, na kazi hiyo akapewa Dada. Jioni Fundi alikunywa maji ya moto yenye tangawizi. Mwanzoni alilalamika kwamba ananyweshwa kama mgonjwa. Baadaye alianza kukoroma. Kiganja kilipona, na mwenye karakana akamruhusu kushika tena mashine ya kuchomelea.

Asubuhi moja Dada alikaa kibarazani, mbele ya wateja wale wale, akanyoosha kikombe. Mama Kahawa alilishika birika bila kulinamisha.

"Kwanza uniombe radhi, wifi. Ulinimwagia kahawa yangu."

"Na sasa kila jioni namwaga nini?"

"Mabaki."

"Basi mimi nilianza mapema tu. Siombi radhi. Mimina, inapoa."